Ukurasa wa Kumi na Mbili wa Hamali

Tarehe 4 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Binti yako aliniambia kwenye simu kwamba ulipanda ngazi za benki mwenyewe bila kushikwa mkono, nikafurahi. Sisi huku wazima. Mke wangu anakusalimu sana. Presha yake imeshuka tangu daktari amkataze chumvi, ila hasira ndizo zimepanda, na wa kuzipokea niko mmoja tu.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Ulishanilalamikia kwamba kwenye simu nakukatiza maneno, na ni kweli, nakukatiza. Tena jambo lenyewe ni la kusoma umekaa.

Alhamisi iliyopita mtu alibisha hodi. Nikafungua, nikamkuta mzee mwembamba amekumbatia kifurushi kilichofungwa kwa kamba ya katani. Wewe usingemtambua. Ni Jicho, Dada. Jicho fundi wa kamera, wa kiwanda chetu cha uchapaji. Kichwa chote cheupe, lakini kutembea anatembea kunishinda mimi. Hakutaka kuingia, hakutaka hata maji. Alisema anahamia kwa mwanawe, anapunguza vitu, na hivi havikuwa vyake tangu mwanzo.

Ndani yake alikuwemo Hamali. Ile hadithi ya mwisho, "Hamali na Daraja la Chuma", kurasa zote kumi na mbili. Si zile za jarida zilizochapwa, ni zile karatasi ngumu ulizochora kwa mkono wako. Mimi nilidhani zilichomwa moto kiwanda kilipofungwa. Miaka arobaini, na wino bado mweusi. Nilikaa nazo mezani mpaka chai ikapoa. Nikamwona tena na lile gunia lake tupu mabegani, amenyanyua basi zima na abiria wake huku anatafuta kiatu kilichomvuka. Nilicheka peke yangu mpaka watoto wakaja kuniuliza kulikoni. Hapo nikagundua kwamba sijawahi kuwasimulia. Shangazi yao alikuwa akisubiriwa na mji mzima kila Ijumaa, na hawajui.

Nikutumie? Sema tu, nitakwenda kukabidhi kwenye basi la mizigo.

Mdogo wako


Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Mpe pole shemeji kwa hiyo chumvi, na mwambie avumilie, mbona amekuvumilia wewe.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Halafu nikamwita binti yangu, huyo huyo mwalimu anayesimamia maktaba ya shule, nikamwambia, "Mama yako aliwahi kuvumbua mtu anayenyanyua magorofa." Akanitazama kwa ile huruma wanayotuwekea sisi wazee. Ikabidi nichukue penseli. Gunia lilitoka vizuri. Nikamweleza kwamba Hamali ni mbeba mizigo wa stesheni, na nguvu zake ni za kawaida kabisa mpaka mtu aliyeelemewa amwambie, "Nitue." Akishaambiwa hivyo ananyanyua chochote, hata treni. Asipoombwa, kikapu cha vitunguu kinamshinda. Binti akauliza, "Na yeye Hamali, nani alikuwa anamtua?" Watoto wa siku hizi wana maswali.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya kazi? Mimi juu kwenye chumba cha wachoraji, wewe chini, na katikati yetu kile kikapu cha kamba. Nachora, naandika maneno ya kila mtu ndani ya viputo kwa penseli ya bluu, nakushushia. Wewe unayaandika upya kwa wino kwenye vipande vya karatasi, kwa mwandiko wako ule ulionyooka kuliko tabia yako, unabandika kila kipande juu ya kiputo chake, unampelekea Jicho anapiga picha. Na kwa kuwa ile kamera yake kubwa haikuiona bluu, pembeni mwa ukurasa tulikuwa tukiandikiana mambo yetu yote. "Mama kasema upitie mafuta ya taa." "Leo Bosi kaamkia ubavu mbaya." Mji mzima ukimsoma Hamali, na hakuna aliyeona hata neno letu moja.

Sasa kuhusu huyo aliyekuletea mzigo. Sina neno naye, ila sijasahau. Kwenye ukurasa wa kumi na moja nilimwandikia yule jambazi wa daraja aseme, "Hakuna atakayevuka." Jarida likatoka Ijumaa, jambazi anasema, "Mimi ndiye niliyewatoa kwenye vumbi, na nitawarudisha kwenye vumbi." Maneno ya Bosi hayo, neno kwa neno, aliyokuwa akimwambia kila mtu aliyekwenda kumwomba ruhusa. Watu wakacheka wiki nzima, mimi nikafukuzwa kazi. Baada yangu viputo vile viliguswa na watu wawili tu, wewe na yeye. Wewe uliniapia. Yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa kuiga sauti ya Bosi, na mwandiko wako pia aliujua kuuiga, maana ndiye aliyekushikia kazi ulipolazwa. Nilikuwa niolewe naye mwezi wa sita. Nilimwambia mbele ya mafundi wote kwamba sitaingia nyumba moja na mtu mwenye miandiko miwili ya namna hiyo. Akanijibu, "Si mimi. Muulize mdogo wako." Hapo ndipo aliponimaliza, kuona anataka kukutupia wewe.

Basi, yamepita. Nilikuja huku, nikashona sare za shule miaka thelathini, nikaolewa na mtu mwema, nikamzika. Nitumie kurasa zote kumi na mbili. Hasa ule wa mwisho, maana niliuchora nikijua kwamba nimeshafukuzwa, na sikupata moyo wa kuununua ulipotoka.

Dada yako


Tarehe 2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumai mvua za huko zimekuachia nafasi ya kuanika nguo. Huku ni jua tu.

Kurasa kumi na moja nimezikabidhi kwenye basi la Jumanne. Nimezifunga kwa nailoni, juu yake kadibodi, juu yake tena nailoni. Jina la dereva nimeliandika kwenye risiti niliyoiweka ndani ya bahasha hii.

Ule wa kumi na mbili umeharibika. Uliingiwa na maji, halafu pia mchwa. Katikati hakuna kitu, na kingo zimeoza. Ukiuona utaumia bure, kwa hiyo nimeona nisiuweke. Usijisumbue nao. Hadithi inaeleweka bila huo, Hamali anaokoa daraja, watu wanavuka, imeisha.

Mke wangu anaumwa jino, ndiyo maana nimeandika kwa ufupi.

Mdogo wako


Tarehe 11 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole kwa jino la shemeji. Mwambie ang'oe, meno ya umri wetu hayabembelezwi.

Mzigo ulifika salama. Nimeshinda nao siku tatu. Nilikuwa nachora vizuri, wewe. Nasema mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine wa kusema. Ile picha ya kina mama wa sokoni wanamwambia Hamali "Nitue" wote kwa pamoja, naye anainuka na soko zima, mabanda na mizani, sijui nilikuwa nimekula nini siku hiyo.

Mchwa wa kwenu nao ni wa ajabu. Wamekula ukurasa mmoja, ule wa chini kabisa, na wa juu yake hawakuutoboa hata tundu. Najua umeumwagia chai ukaona aibu kusema. Tangu utoto ukivunja kikombe unamsingizia paka. Sikugombezi.

Sikiliza sasa. Binti yangu amewaonyesha walimu wenzake, na shule inataka kumchapa Hamali kama kitabu cha maktaba. Ukurasa wa mwisho nitauchora upya. Nieleze picha moja moja kama unavyoiona, hata kama ni vipande, na uniandikie maneno ya kila kiputo. Yale ya mwisho ya Hamali siyajui, maana si mimi niliyeyaandika. Unajua niliandika nini mahali pale, nilikuambia. Nilikuandikia wewe, kwa bluu, na ukurasa haukukufikia, ulisema Jicho aliuchukua akaubandika mwenyewe.

Nimeandika pia utangulizi. Binti anasema wasomaji watataka kujua kwa nini Hamali alikatika ghafla. Nimeandika yote, na Jicho nimemtaja kwa jina lake kamili, la baba na la babu. Nina miaka sitini na minane, namwogopa nani? Nakutumia nakala. Isome, ongeza unachokumbuka, kisha utie sahihi pale chini, palipoandikwa "shahidi". Umebaki wewe tu uliyekuwepo. Wakiona ni neno langu peke yangu watasema bibi kizee anamsingizia mchumba wake wa zamani.

Usichelewe, mitambo ya uchapaji wameikodi mwezi wa nane.

Dada yako


Tarehe 27 Julai

Dada,

Shikamoo. Sikuulizi habari za goti, kwa sababu nikianza na habari nitajaza ukurasa kwa habari na kufunga bahasha. Nimeshafanya hivyo mara tatu tangu Mei, na barua zote tatu nimezichana.

Ukurasa wa kumi na mbili ni mzima. Haujaingiwa na maji wala mchwa. Uko hapa mbele yangu.

Maneno ya Bosi niliyaandika mimi.

Jumatatu ile mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, miguu imemvimba. Nilikwenda kuomba siku moja nimpeleke kliniki. Bosi akanipa lile neno lake la vumbi mbele ya wafunga vitabu wote, na wengine walicheka ili awaone wakicheka. Nilirudi mezani nimewaka. Kiputo cha jambazi kilikuwa mbele yangu, kinasubiri. Nikayaandika ya Bosi, nikabandika, nikacheka peke yangu. Nikasema nitabandua baada ya chai. Niliporudi, Jicho alikuwa anaondoka na ukurasa kuelekea chumba cha kamera. Nilikuwa na nafasi ya kusema ngoja. Sikusema. Siku zote nimejiambia kwamba nilisahau, lakini sikusahau. Nilitaka Bosi ajione. Sikufikiria kwamba jina lililo juu ya ukurasa ni lako.

Ukafukuzwa, ukapewa mpaka Ijumaa umalize hadithi. Ukurasa wa kumi na mbili ukashuka kwenye kikapu. Ulinifikia mimi, Dada. Ile picha ya mwisho, Hamali amelishika daraja kwa mgongo, ndani ya kiputo chake hukuandika maneno yake. Uliandika, "Kama ni wewe, nenda ukamwambie Bosi kabla ya Ijumaa. Sitakukasirikia. Nitue, mdogo wangu."

Nilichukua penseli ya bluu, nikaandika chini yake, "Ni mimi. Kesho asubuhi nakwenda." Nikaurudisha kwenye kikapu. Kamba nilikuwa nimeshaishika. Ndipo Bosi akaniita ofisini, akasema kwamba sasa wewe unaondoka kutakuwa na mabadiliko, na ile meza ya juu, ya mkuu wa waandishi wa herufi, anaiona ikinifaa. Wala hakuniuliza chochote kuhusu vumbi. Nilishuka ngazi, nikautoa ukurasa kwenye kikapu. Nikachukua kipande cha karatasi, nikaandika, "Vukeni, ndugu zangu, daraja liko salama," nikakibandika juu ya maneno yako na yangu. Nikakikandamiza kwa dole gumba mpaka gundi ikatokeza pembeni.

Uliponiuliza nyumbani, mbele ya Mama, nilisema ukurasa ulinipita, Jicho ndiye aliyebandika. Ukaniambia niape. Nikaapa kwa mtoto aliyekuwa tumboni. Huyo mtoto sasa ana miaka arobaini, na ndiye atakayenipelekea barua hii kwenye ofisi za basi, hajui ndani mna nini.

Nilikuja harusini kwako nikatoa hotuba. Nilikuja msibani kwa shemeji, ukanilalia begani, ukasema umebaki na mimi tu. Nilikuwa nasikia kama nimekaa kwenye kiti cha mtu, na mwenyewe amesimama ananitazama. Kila mwaka nilisema mwaka huu. Halafu naona umetulia, una maisha yako, nasema kwa nini nikuchafulie. Nikajiona mwema kwa kukunyamazia. Nilifika huko, Dada.

Jicho aliponiletea kifurushi, ukurasa wa kumi na mbili ulikuwa umefungwa peke yake kwenye gazeti. Gundi imekauka, kipande kinainuka ukikigusa kwa ukucha. Pale mlangoni, akiondoka, aliniambia neno moja tu, "Mpelekee mwenyewe." Nilijua kwamba anajua.

Ukurasa huo hapa. Utangulizi nimekurudishia bila sahihi. Usimchape yule mtu.

Mdogo wako


Tarehe 30 Septemba

Dada,

Shikamoo. Miezi miwili sasa. Nimekwenda ofisi za basi, wamenionyesha daftari, bahasha ilichukuliwa tarehe mbili Agosti na sahihi ni yako. Binti yako hapokei simu, au anapokea na kusema yuko darasani, hata Jumapili.

Mke wangu nimemwambia yote. Akaniuliza kama kweli niliapa kwa mwanawe. Nikasema ndiyo. Amehamishia mto wake chumba cha watoto.

Nitukane. Andika ukurasa mzima wa matusi, nitausoma wote. Ila usinyamaze.

Mdogo wako


Tarehe 21 Oktoba

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Goti lilivimba kwa safari, sasa limepungua.

Safari yenyewe ilikuwa ya kuja kwenu. Nilifika tarehe tano Agosti, nikakaa wiki mbili kwenye nyumba ya wageni nyuma ya posta. Siku ya tatu nilipita mtaani kwako. Ulikuwa kibarazani unagombana na mwavuli uliogoma kufunguka. Umezeeka vibaya, shati halijapigwa pasi. Nilisimama upande wa pili wa barabara mpaka ukaufungua. Sikuvuka. Nilijua nikivuka nitakushikia ule mwavuli, utanipa kiti, shemeji ataleta chai, na kabla ya chai kwisha yatakuwa yamekwisha. Sikutaka yaishe.

Nilikwenda kwa Jicho. Anakaa kwa mwanawe kule karibu na shule ya ufundi, mkwewe ana saluni kwenye chumba cha mbele. Tangu ndani ya basi nilikuwa napanga maneno ya kumwambia. Nilipofika lilitoka moja tu, "Nimekukosea," nikaanza kulia mbele ya wateja. Alinipa taulo la saluni.

Nilimwonyesha ukurasa. Alishauona. Miaka ishirini iliyopita alihamisha kabati, kipande kikainuka chenyewe, akasoma maneno yangu na yako. Nikamuuliza kwa nini hakuniletea siku ile ile. Akasema, "Ningekuletea ungesema nimeghushi. Si mwandiko wake naujua kuuiga? Karatasi hii haina kazi mpaka mwenyewe aseme." Basi akakibandika tena kwa gundi mpya, akasubiri. Anasema mmekutana mara nyingi, sokoni, hospitali, kwenye foleni ya umeme, na kila mara ulimuuliza habari za afya. Miaka ishirini anasubiri, wewe unamuuliza afya. Uzee ulipombana akaona akuletee mlangoni.

Usidhani alikaa akinililia, usijipe ukubwa huo. Alioa, ana watoto watatu, mkewe amefariki. Lakini baada ya mimi kumwaibisha mbele ya mafundi, hakuna aliyemwachia tena ufunguo wa stoo mpaka kiwanda kinafungwa. Fundi mzima, kila akitaka karatasi ya picha anasindikizwa. Aliniambia hilo akicheka, na ndilo lililonitoa usingizi wiki mbili zote.

Na la kwangu pia nikuambie. Marehemu mume wangu alikuwa mkweli mpaka anaudhi. Miaka ishirini na sita nilimpekua kila neno. Akisema amepitia kwa rafiki yake, nilimuuliza yule rafiki. Aliwahi kuniuliza, "Nani alikufanya hivi?" nikamtajia Jicho. Amekufa anamchukia mtu ambaye hakumfanyia kitu. Hilo siwezi kulirekebisha, wala wewe huwezi.

Unaniomba nikutukane. Sitaki. Nikikutukana utapumua.

Umeungama kwangu, sawa. Umeungama kwa karatasi, kwa dada aliyekufunga kamba za viatu, aliye mbali siku nzima ya basi. Jicho yuko vituo vinne kutoka kwako. Binti yangu amewaambia wenye mitambo wasubiri, kitabu hakitachapwa kwanza. Utangulizi nimeuchana na sijaandika mwingine, maana sijui mwisho wake.

Usiniandikie mpaka uwe umekwenda. Na usimpelekee barua. Nenda na mdomo.

Dada yako, hilo halibadiliki


Tarehe 9 Novemba

Dada,

Shikamoo. Nimekwenda.

Nilikwenda Jumamosi, saa nne asubuhi, nikidhani nitamkuta peke yake. Saluni ilikuwa imejaa, kesho yake kuna harusi ya mtu. Wanawake sita, wawili wameingiza vichwa ndani ya zile mashine za kukaushia nywele, mmoja ana povu mpaka masikioni. Jicho alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, ameshika boksi la vibanio, anampa mkwewe kimoja kimoja. Aliniona, akasogea, nikakaa.

Nilimsalimia, akaitikia. Nikamwomba tutoke nje kidogo. Akasema miguu inamsumbua. Mimi niliona mwenyewe mwezi wa tatu jinsi anavyotembea, lakini ningesema nini.

Basi nikamwinamia, nikamwambia taratibu, "Yale maneno niliyaandika mimi."

Akaweka kiganja sikioni. "Unasemaje?"

Nikarudia, nikapandisha kidogo. Akatikisa kichwa, akasema miaka ile ya kiwandani ilimharibu masikio, tena na hizi mashine za mkwewe, nijitahidi. Nikarudia mara ya tatu. Yule wa povu akageuka. Mkwewe, kwa wema wake, akazima mashine zote ili mzee asikie.

Ilikuwa kimya, Dada, nikasikia maji yanadondoka kwenye beseni. Wote walikuwa wananitazama. Nilitaka kusimama niondoke, na najua ningeondoka ningekuandikia kwamba sikumkuta. Nikasema kwa sauti yangu yote, "Ni mimi niliyeandika maneno ya Bosi, si wewe. Ni mimi niliyemdanganya dada yangu ukaachwa. Walikunyima ufunguo kwa ajili yangu, na mimi nikakaa meza ya juu nikanyamaza miaka arobaini." Mtu aliyekuwa akinunua vocha kibanda cha jirani alikuja kusimama mlangoni.

Jicho aliweka boksi la vibanio chini. Akanishika mkono, akaushika muda mrefu.

"Nilikusikia tangu mara ya kwanza," akasema. "Nilitaka na hawa wasikie."

Kisha akamwambia mkwewe awashe mashine, wateja wanachelewa.

Mdogo wako